Injini Ikianza Kubonga

Ilianza na tik. Hapo Kimbo, saa kumi na moja na nusu asubuhi, baridi ya kukata masikio, nimebeba manzi flani anaenda wera Westi. Nikadhani ni mshipi wa siti umebaki nje unagonga mlango. Nikapunguza ngoma. Tik-tik-tik-tik. Nikikanyaga inakimbia, nikiachilia inatulia. Manzi akatoa iafoni moja, akaniangalia kwa kioo: "Hii ni ndai ama ni cherehani?"

"Ni baridi tu. Ikipata moto itanyamaza."

Hiyo kamba kila dere wa Thika Rodi ashaipiga. Haikunyamaza. Githurai ilipita ikibonga, Allsops ikapita ikibonga, na nikirudi Ruiru saa nne ilikuwa inapiga kelele hadi wasee wa boda pale steji wakaanza kunitafutia fundi bila kuulizwa.

Ndai yenyewe ni Fielder, injini 1NZ. Simama tu dakika tano kando ya bypass uhesabu: Probox, Fielder, Axio, Ractis, Ist. Hiyo injini moja ndo imebeba mtaa, na ndo maana kila mse anajiona fundi wayo. Wa boda wa kwanza alisema ni plagi. Wa pili akasema ni tapeti, nimwage oili nzito zaidi ndani. Msee wa kaa wash akasema niiuze kabla mse mwingine askie.

Mi nikaipeleka kwa mzae.

Gereji ya mzae haina jina. Ni mabati matatu na mti wa avokado upande wa Kihunguro, injini moja imening'inia kwa nyororo tangu nimjue, na madogo wawili. Mmoja alimaliza Thika Tech na ako na karatasi. Mwingine hajai kanyaga darasa la makanika, lakini ndo hurekodi kila kitu aweke TikTok. Hao wawili huteta siku mzima, na wakiteta mikono haisimami.

Mzae hakufungua kitu. Aliitisha skrudraiva refu, akaweka ncha kwa tapeti kava, mpini kwa sikio, akafunga macho ka mse anaskiza mahubiri. Akahamisha. Akahamisha tena. Akasimama huko mwisho, karibu na ukuta wa bodi.

"Kijana, oili ulimwaga lini?"

"Niliongeza wiki jana, mzee."

"Sijauliza uliongeza lini."

Nikaangalia chini. Dogo wa TikTok akazima kamera, na hiyo nilimheshimu nayo.

Kufungua juu ni rahisi. Koili nne, bolti za spana kumi, na chai ilikuwa haijapoa kava ikiwa chini. Penye nilitarajia oili tulipata kitu ka uji wa wimbi imelala usiku: nyeusi, nzito, inavutika na kidole. Chini ya hiyo uji ndo kulikuwa na kamshafti zenyewe, mbili, moja ya inleti na moja ya egzosi.

Wacha nikuchanue venye mzae alinichanua, na yeye hutumia mayai. Kamshafti ni chuma ndefu imevalishwa mayai. Ikizunguka, ile ncha ya yai inasukuma tapeti, tapeti inasukuma valvu, valvu inafunguka hewa iingie ama moshi utoke. Ncha ikipita, springi inarudisha valvu juu. Kwa 1NZ valvu ni 16, kwa hivyo mayai ni 16, nusu trei na moja juu. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, haiongezi haipunguzi. Cheni ndo inashikilia hiyo hesabu. Sasa piga mwenyewe: krenki ikiwa 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguliwa mara 25 kwa sekunde moja. Sekunde moja! Na kati ya yai na tapeti hakuna beringi, hakuna mpira, ni oili peke yake.

Sasa yai moja la inleti, silinda ya nne, mbali kabisa na pampu ya oili, lilikuwa limelika kichwa. Si kuvunjika, kulika. Mayai ya kando yalikuwa yanang'aa ka kioo, hili lilikuwa na makovu, na ncha yake ilikuwa imekuwa butu. Tapeti yake ilikuwa na kidonda cha mviringo hapo katikati. Hiyo ndo tik.

Mi nikatoa simu nianze kuuliza bei ya kamshafti. Mzae akanishika mkono.

"Hii haikujiua. Iliuliwa. Tusipojua nani aliua, hata hiyo utaleta itauliwa."

Dogo wa Thika Tech akatandika kadibodi, akaingia chini, akatoa ile sampu ndogo. Ndani kuna kichungi ambacho pampu hunyonyea oili. Kilikuwa kimeziba. Uji wa wimbi, sawa, huo ni wangu, nilikuwa nimepitisha oili karibu mara mbili ya kilomita zake ju wiki zilikuwa ngumu na oili nayo haidai kwa simu ka mwenye nyumba. Lakini ndani ya huo uji kulikuwa na vitu vyekundu, virefu virefu, ka kucha za manzi zimekatwa. Silikoni. Kuna fundi kitambo, sitamtaja na hata yeye hakumbuki, alifunga hiyo sampu akapaka silikoni ka mse anapaka Blue Band kwa mkate wa wageni. Ile inafinywa nje unaiona na unapangusa. Ile inafinywa ndani inaning'inia, inakatika, inaogelea hadi kwa kichungi. Kwa hivyo wauaji walikuwa wawili, na mmoja ndo alikuwa analipa bili.

Mzae alikata kipande cha boksi ya yai, akaandika listi. Nilikuwa najua nitaona neno moja. Kulikuwa na hii:

Kamshafti ya inleti. Gasiketi ya tapeti kava. Ile chujio ndogo ya oili ya VVT-i, ule mtambo wa kucheza na taimi ya valvu, size ya kifuniko cha biro, ambayo nusu ya mafundi hawajui iko ju imejificha ndani ya hedi. Oili lita nne, filta. Silikoni nyeusi tyubu moja, na hapo akapigia mstari neno "moja" mara mbili. Petroli ya kuosha. Matambara yasiyotoa nyuzi. Tapeti: "tutaona".

Sili za kamshafti hazikuwa kwa listi, nikauliza ju niliskia mse akisema lazima. Akaniambia hizo ni za injini za beliti, ka zile dizeli za 5L kwa Hiace za kitambo. Beliti hukaa mahali pakavu, lazima oili izuiwe isitoke mbele. Cheni yenyewe huoga oili ndani kwa ndani, hakuna cha kuzuia. Na ju tumetaja 5L: hiyo ina taa kwa dashibodi imeandikwa T-BELT, huwaka kila kilomita 100,000. Kwa mse wa ofisi hiyo ni miaka. Kwa mat ya Thika ikipiga raundi nne za town kila siku, kama kilomita 360 hivi, taa inawaka kabla mwaka uishe. Wengine hutoa balbu. Halafu beliti inakatika hapo Juja, pistoni inapanda inakuta valvu bado imeteremka, na hapo haubongi tena mambo ya kamshafti, unabonga mambo ya kuuza kiti.

Kutoa ndo nilijua spana si kazi ya nguvu. Kwanza wanazungusha krenki hadi silinda ya kwanza iko juu, alama ziangaliane. Halafu dogo akachukua rangi nyeupe, ile nel polishi kabisa ya sistake, akapaka doti kwa cheni na doti kwa sproketi. Mbele ya kava ya cheni kuna kishimo kimezibwa. Unafungua, unainua kiloki cha tenshena na skrudraiva nyembamba, mse mwingine anazungusha kamshafti kidogo na spana, ju katikati yake imechongwa pembe sita za kushikia, tenshena inarudi nyuma, unaichomeka kijiti cha chuma isiruke. Cheni ikilegea, wakaifunga na waya hadi kwa loki ya boneti. Ikianguka huko ndani, unatoa kava nzima ya mbele, siku mbili zimeenda.

Halafu kepu. Kamshafti imeshikwa na vikepu, kila moja ina namba na mshale unaoangalia mbele. Mzae alinikataza hata kuzigusa na kidole. Hizo kepu zilitobolewa pamoja na hedi yake huko kiwandani, na kwa hii injini chuma ya kamshafti inazunguka juu ya aluminiamu tupu, hakuna beringi katikati. Kepu ya namba mbili ukiiweka kwa namba tatu, ama uazime ya hedi ingine, umeharibu. Na kama hizo sakafu za aluminiamu zingekuwa zimechanika, kamshafti mpya ingekuwa kazi bure. Hapo unatafuta hedi nzima. Ndo maana wasee wengi hawabadilishangi kamshafti, wananunua hedi ama injini nzima ya nosikati. Siwalaumu. Lakini wanaenda na injini ya mse mwingine ambaye pia hakuwa anamwaga oili.

Kuregeza unaanzia nje ukienda katikati, kila bolti robo, unarudi, robo ingine. Ju springi za valvu zinasukuma juu, na kamshafti ni chuma ya kumimina. Ukiipindisha haiinami. Inakatika tap, ka chaki.

Nikashika mat nikaenda Grogan. Ramani inasema Kirinyaga Road, lakini uliza makanga Kirinyaga Road uone venye atakuangalia. Huyo Ewart Grogan mwenyewe ni mlami alitembea kutoka Cape hadi Cairo, akafika 1900, sehemu kubwa kwa mguu. Sasa jina lake ndo wasee wa magari huita wakitaka spea. Mzae alinipea masharti: beba ile ya zamani, usinunue kwa giza ya duka, toa nje kwa jua. Pitisha kucha kwa kila yai. Kucha ikikwama, rudisha. Angalia pua penye giya ya VVT-i hukaa, kusiwe na mikwaruzo. Puliza tundu za oili na mdomo, hewa itoke upande ule mwingine.

Duka la kwanza msee akanitolea moja imefungwa kwa nailoni. "Hii haijakanyaga Afrika, buda. Eks-Japan."

Nikaitoa kwa jua. Kucha ikakwama kwa yai la tatu.

"Hiyo ni ya kiwanda," akasema, bila aibu.

Duka la nne ndo nilipata safi. Ngiri tatu na soo tano, baada ya kubembelezana hadi tukaulizana mtaa. Hizo vitu zingine zote, oili, filta, gasiketi, zikanila kushinda kamshafti yenyewe. Nikafuliza. Gasiketi nilitaka kuchukua ile ya bei ya chini, nikakumbuka ndai ya beste yangu, oili ikiingia kwa mashimo ya plagi, koili zikikufa moja moja. Nikachukua ya maana.

Nikadhani nimemaliza. Mzae akashika kamshafti, akaiangalia, akanirudishia. "Peleka Thika. Sitaki kuifunga kama sijajua imenyooka."

Hapo nililia kidogo ndani. Lakini Thika na hizi vitu ni story ya kitambo. Leyland walianza kuunganisha magari hapo miaka ya 70. Hicho kiwanda ndo sikuhizi kinaitwa KVM, na Desemba 2016 Polo Vivo za Volkswagen zikaanza kuunganishwa humo. Mzae hupenda kusema yeye toki renchi alifunzwa Thika kabla baba yangu apate leseni. Nikapanda 237, kamshafti nimeifunga kwa taulo imelala kwa mapaja ka mtoi. Makanga akauliza kama hiyo ni bunduki. Mama wa kando akahama siti.

Kwa sehemu ya mashini za lezi nilipata mzae mwingine, koti ya buluu, miwani imeshikwa na waya. Hakunisalimia sana. Aliweka ncha mbili za kamshafti kwa vyuma viwili vimechongwa ka V, akaleta geji ya mshale, ka saa ndogo, akagusisha kapini kake katikati, akaanza kuzungusha na vidole viwili, polepole. Mshale ukatingishika. Nikashika pumzi. Ukaenda kamstari kamoja, ukarudi. "Mwisho inakubalika ni 0.03 ya milimita," akasema. Unywele wako ni mnene kushinda hiyo. Halafu akaleta maikromita, akapima kila yai urefu, akaandika na chaki kwa bati. Manane yote yakafanana. Dakika kumi, soo tano, akarudi kwa kazi yake. Mi nikanunua nanasi ya kukatwa hapo nje, nikaihesabu kama lanchi mbili, ya jana na ya leo.

Siku ya kufunga nilirauka nikabeba chapo madondo ya watu wanne. Mzae akatoa vitu viwili vyenye huwa havikai kwa tulboksi ya madogo.

Ya kwanza ni toki renchi, imefungwa kwa sweta ya shule, ile ya kijani. Hakuna mse huiazima. Spana kumi utaazimwa, racheti utaazimwa ukiacha kitambulisho, hiyo hapana. Akimaliza huirudisha kwa kipimo cha chini kabisa ndo springi yake isichoke. Kepu za kawaida alikaza 13 Nm, ile ya mbele 23, akianzia katikati akienda nje, raundi tatu. Dogo wa TikTok huko nyuma aliwahi kukaza kepu na "skio la mkono", venye yeye huita. Bolti ilitoka na nyuzi za aluminiamu zimejizungusha ka tambi. Hiyo video hakuweka.

Ya pili ni mkebe wa kakao. Ndani kuna tapeti, labda sitini, kila moja imeandikwa namba na maka chini yake. Kwa hii injini hakuna skrubu ya kurekebisha nafasi kati ya yai na tapeti. Unabadilisha tapeti yenyewe, nene ama nyembamba, na Toyota hutoa saizi 35, kutoka 5.06 hadi 5.74, zikipishana 0.02. Hakuna mse wa Ruiru ataagiza saizi 35. Kwa hivyo mzae, kila hedi ikikufa hapo kwake, huvuna tapeti, huosha, hupima, huandika, huweka kwa mkebe. Miaka yote hiyo.

Fila geji ikaingia chini ya kila yai, injini ikiwa baridi. Inleti inataka 0.15 hadi 0.25, egzosi 0.25 hadi 0.35. Saba za inleti zilikuwa sawa. Ya nane, ile ya kidonda, tulikuwa tumeitupa, na ile ya kwanza aliweka ikabana. Akamwaga mkebe kwa gazeti, akaanza kutafuta na kidole, midomo inahesabu. Akaibuka na moja imeandikwa 5.32. Akaweka, akateleza fila geji. Ikaingia ikikwaruza kidogo tu, ka kisu kwa siagi ya friji. "Hiyo ilitoka kwa Ist ya mwalimu flani," akasema. "2019."

Silikoni alipaka mwenyewe. Kamstari ka uzi kwa sampu, doti mbili kwa kona penye kava hukutana na hedi, basi. Tyubu ikabaki imejaa. Akamwagia mayai yote oili mpya na kikombe. Halafu dogo akazungusha krenki na mkono, spana ndefu, raundi mbili nzima, akiskiza kama kuna kitu inagusana. Hakuna mse aligusa ufunguo kabla hizo raundi mbili.

Nikawasha.

Sekunde mbili za kwanza iliguna, taa ya oili ikazima, halafu kimya. Si kimya kabisa, ni ile ssss ya cheni inakimbia. Mzae akarudisha skrudraiva kwa sikio, akaenda hadi huko mwisho karibu na ukuta wa bodi, akakaa hapo hadi nikaanza kuogopa. Akaitoa. Akaipangusa na tambara.

Akafungua mlango wangu, akachukua maka, akaangalia mita: 214,306. Kwa chuma ya mlango, ndani, penye siwezi kosa kuona nikiingia, akaandika: OILI 219.

Jana usiku nimepita Toll na abiria watatu, ngoma iko chini. Mita inasoma 218,870. Nimempigia mzae simu asubuhi hii, ameshika ya pili, na kabla nibonge ameuliza nitakuja na ya lita ngapi.